Miguu Minane

Meza ilikuwa ya bure, kwa sharti moja:
uje uichukue mwenyewe kabla ya saa kumi.
Bibi Hilary, kule bondeni Hillsborough,
alipofungua mlango alichungulia barabarani,
kushoto, kulia,
akauliza gari tumeliegesha wapi.
Sikujua akamwonyesha viatu.

Sikujua ndilo jina lake.
Mama yake, huko Uvira, alikaa na mimba miezi mitano
bila habari nayo.

Dereva wa basi la kwanza alitikisa kichwa
kwa upole, kama daktari.
Kiti cha magurudumu, sawa. Kigari cha mtoto, sawa.
Mbwa, hata wawili.
Meza, hapana.
Basi la pili halikusimama.

Basi tukaipindua, miguu juu
kama mbuzi aliyekubali yaishe,
mimi mbele, yeye nyuma,
tukaanza kuupanda mji wa Sheffield
uliojengwa na watu waliochukia tambarare.
Ramani ya simu ilisema dakika ishirini na nane.
Ramani haijabeba kitu tangu izaliwe.

Tulipumzika kila nguzo ya tatu ya taa.
Kisha kila ya pili.
Kisha Sikujua akasema: tufike tu kwenye lile pipa la kijani,
na pipa likawa linarudi nyuma.

Hesabu ya gari niliifanya usiku mmoja
nyuma ya bahasha ya bili ya umeme:
bima, kodi, mafuta, kibali cha kuegesha,
kalamu ikakauka kabla sijafika kwenye matairi.
Tangu hapo mji nimeusoma kwa magoti.
Najua duka lipi huacha joto litoke hadi njiani,
kituo kipi kina paa lisilovuja,
ngazi ipi, ukiwa na mfuko wa mchele wa kilo kumi,
usiijaribu.
Najua basi la saa kumi na moja na dakika saba alfajiri,
kimya, madirisha yana ukungu,
na sisi sote ndani tuna funguo
za milango isiyo yetu.

Mvua ikaanza. Ya hapa hainyeshi,
inasimama hewani tu, ikikungoja upite.
Tukaitua meza kwenye kituo cha basi,
mbele ya benchi,
na, wallahi, kimo kikalingana.
Sikujua akatoa chupa ya chai, chapati mbili ndani ya karatasi ya fedha.
Mtoto wa shule akatua begi bila kuomba,
akafungua daftari la hesabu.
Mama mwenye mkongojo akapanga mayai yake kwenye kona,
moja moja, akitafuta lililopasuka.
Mwanamume wa koti la mvua akauliza chai bei gani.
Tukamwambia bei yake ni kushika kona moja
hadi juu ya kilima.
Akatazama kilima. Akaaga.

Kisha likaja basi, na ndani yake
dereva yule yule wa kwanza, ameshazunguka mji mzima.
Akafungua mlango.
"Bado?"
"Bado."
Akacheka mpaka honi ikalia yenyewe.
Wakapanda: mtoto, mama, mayai.
Ikabaki meza, duara la chai katikati,
na sisi wenyewe.

Tulifika Walkley saa kumi na mbili, giza limeshaingia.
Haikupita mlangoni.
Tukaijaribu kwa ubavu, kwa kisogo, kwa bismillahi,
jirani akachungulia, akafunga pazia,
Sikujua akaketi kwenye ngazi akicheka
kicheko cha mtu asiyehisi tena mikono.

Miguu minane ilipanda kile kilima.
Minne tukaifungua kwa kisu cha siagi.
Minne tukaitia kwenye beseni
la maji ya moto na chumvi.